Nafasi ya Kusogea

Kwenye karatasi ya mchoraji, dirisha ni mstatili. Upana milimita 1,200, kimo 1,500, kona nne zote zimekaa mraba. Ukutani hakuna dirisha la namna hiyo. Nenda kwenye nyumba yoyote iliyojengwa kwa tofali za mchanga na saruji, iwe Mbagala au Tegeta, Morogoro au Tanga, uweke tepu juu ya tundu la dirisha, kisha katikati, kisha chini. Utapata vipimo vitatu. Pima kona kwa kona, halafu pima kona zile nyingine mbili, na namba hizo nazo zitakataa kulingana. Upande mmoja lipu ni nyembamba kwa sababu tofali zilitokeza. Upande wa pili imejazwa mpaka ikanenepa. Fremu ya alminiamu ilikuja baadaye, ikakatwa kwa kipimo kilicho kidogo kuliko vyote, na mwanya uliobaki ukazibwa kwa silikoni. Hakuna aliyezembea. Ndivyo nyumba inavyosimama ikijengwa na mikono ya watu wengi, kwa miaka kadhaa, kadiri pesa inavyopatikana.

Blaindi ni kitu cha kiwandani. Reli yake ya juu imekatwa na msumeno unaorudia kipimo kilekile kutwa nzima, na vibamba vyake vimetoka kwenye mashine moja vikiwa na urefu mmoja na mpindo mmoja. Inatoka kwenye boksi imenyooka, inakuja kukutana na ukuta ambao haukunyooka. Kati yao kuna kipande cha bati au plastiki kisichojaa kiganja, chenye matundu mawili matatu: bano. Wanunuzi huangalia rangi na kitambaa. Mimi huanza na bano, maana hapo ndipo ninapojua kama aliyebuni kitu hiki aliufikiria ukuta wa mtu mwingine au aliufikiria wa kwake tu.

Bano lina kazi mbili zinazopingana. Wakati wa kufunga linatakiwa likubali: lipande kidogo, litoke mbele kidogo, ligeuke kidogo, mpaka reli ikae sawa. Likishakazwa linatakiwa likatae, na liendelee kukataa miaka na miaka, mtoto akivuta kamba, upepo wa kusi ukipiga, mtu akifungua dirisha kwa papara. Bano linalokubali tu ni rahisi kulibuni, na linalokataa tu ni rahisi zaidi. Ugumu uko katika kuamua likubali upande gani, kwa kiasi gani, na ni kitu gani kitakachokomesha kukubali huko.

Kitu kigumu chochote kina njia sita za kwenda. Kinaweza kuhama kushoto na kulia, juu na chini, mbele na nyuma, na kinaweza kuzunguka kwa kufuata kila mmoja wa mielekeo hiyo mitatu. Fundi wa mapazia hazihesabu njia hizi, lakini anazijua zote. Atakwambia hii imelala, ile imetoka, hii imepinda, ile imeingia ukutani. Kila kosa la ukuta hupitia katika mojawapo ya njia hizo sita, ila makosa hayo hayana uzito sawa. Reli ikikaa milimita 5 kulia zaidi ya ilivyokusudiwa, hakuna atakayejua. Ikitoka mbele milimita 5, huenda ikakwepa kitasa cha dirisha vizuri zaidi. Lakini ncha yake moja ikiwa chini ya nyenzake kwa milimita 5 hizohizo, kila anayeingia chumbani ataona, kwa sababu jicho lina ukingo wa dirisha wa kulinganishia.

Kwa blaindi ya kuviringisha, tatizo haliishii machoni. Kitambaa hufuata bomba ambalo kimejifunga kwalo. Bomba la milimita 1,200 likilala kwa milimita 10, kitambaa chenye mteremko wa milimita 1,500 kinaweza kuhama pembeni kiasi cha milimita 12 kifikapo chini, na kila kikipandishwa kitajikunja kikielekea upande uleule, mpaka ukingo wake uanze kusugua bano na kuchanika nyuzi. Wafungaji wanalo jibu la haraka: kipande cha utepe kinabandikwa juu ya bomba upande mmoja, bomba linanenepa kidogo hapo, kitambaa kinarudi njiani. Ni jibu la busara, na linasaidia. Lakini ni bomba linalolipa deni la bano.

Kwa hiyo mbunifu mwenye kujali haweki urekebishaji kila mahali. Anauweka pale kosa linapouma. Kimo kinataka marekebisho laini, ya nusu milimita ikiwezekana. Umbali kutoka ukutani unatosha kurekebishwa kwa hatua kubwa. Kushoto na kulia paachwe huru tu, na reli yenyewe ijitafutie mahali. Bano linalosogea pande zote kwa pamoja humtesa fundi aliye juu ya ngazi: akisawazisha kimo, umbali unahama, akirudisha umbali, kimo kinapotea. Nimeona mabano ya namna hiyo yakisifiwa dukani kwa wingi wa skrubu zake. Kila skrubu ya ziada ni swali la ziada analoulizwa mtu ambaye mikono yake yote miwili tayari ina kazi.

Wahandisi wa vyombo vya kupimia walilimaliza jambo hili zamani. Mpango unaohusishwa na Lord Kelvin, mwanafizikia wa karne ya 19, unakikalisha chombo juu ya miguu mitatu ya duara: mguu mmoja unaingia katika shimo la pia, wa pili katika mfereji, wa tatu unakaa juu ya bapa tupu. Shimo linazuia njia tatu, mfereji mbili, bapa moja. Jumla sita, wala si saba. Chombo kinatulia bila kutikisika, na hakuna kinacholazimishwa kupinda. Ukizuia njia ya saba, tayari umeanza kukipinda kitu kilichokuwa kimenyooka.

Kanuni hiyo inashuka moja kwa moja hadi kwenye mabano mawili ya dirisha la kawaida. Bano la kushoto liwe na tundu duara: hapo ndipo mwanzo wa kila kipimo, likazwe kwanza na lisiguswe tena. Bano la kulia liwe na tundu refu lililosimama wima, ili mwisho ule uweze kupanda na kushuka mpaka tone la hewa ndani ya pima maji litulie katikati. Reli nayo ishikwe sawasawa upande wa kushoto, lakini upande wa kulia iachwe iteleze kwa urefu wake. Uhuru huo wa mwisho si mapambo. Alminiamu hutanuka kwa karibu sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Reli ya mita 2.4 iliyo nje ya dirisha la magharibi, ikiamka na nyuzi 25 alfajiri na kufika 60 kwenye jua la saa kumi, imerefuka karibu milimita 2. Ikiwa imebanwa ncha zote mbili, milimita hizo zitatafuta pa kwenda. Zitaikunja reli, au zitang'oa skrubu ukutani kidogokidogo, kila siku alasiri, mpaka siku moja mwenye nyumba aseme blaindi hizi ni za bei rahisi.

Reli ndefu huhitaji bano la tatu katikati ili isilegee tumbo. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Ukuta wenye kitumbo cha lipu katikati unalisukuma bano hilo mbele, au tundu lake limetobolewa milimita 3 juu zaidi, na reli iliyotoka kiwandani imenyooka inakuwa upinde. Vibamba vinaanza kukwama katikati, kamba zinavutana. Bano la katikati lisiamue chochote. Liachwe likielea mpaka mabano ya pembeni yamekwisha kukazwa, kisha lipandishwe liguse reli tu, likazwe pale lilipoikuta.

Tundu refu lina udhaifu wake. Linashikilia kwa msuguano peke yake: skrubu inabana, bati linagandamana na ukuta, na uzito wa blaindi wote unaning'inia kwenye mgandamano huo, tena kwa mwelekeo uleule ambao tundu linaruhusu mwendo. Ukuta wenye rangi ya mafuta unateleza. Ukuta wa chokaa unatoa unga, na unga huo unakaa kati ya bati na ukuta. Baada ya miezi kadhaa ya kuvutwa kila asubuhi na kila jioni, upande wa kulia umeshuka tena. Dawa mojawapo ni meno: bati mbili zenye mistari inayoumana, kama meno ya funguo na kufuli, ili zikishakazwa zisiweze kuteleza. Ila meno yana hatua. Meno ya milimita 2 yatakupa juu sana au chini sana, na katikati yake, pale hasa ulipopataka, hapapatikani.

Kuna njia nzuri ya kutoka hapo, na ni ya mwaka 1631, pale Pierre Vernier alipochapisha Brussels kipimo chake cha skeli mbili. Weka matundu kwenye bati la ukutani kwa nafasi za milimita 10, na kwenye bati la bano kwa nafasi za milimita 9. Sogeza bano milimita moja, na jozi nyingine ya matundu itakutana. Sogeza moja tena, jozi ya tatu. Kwa matundu makubwa ambayo hata karakana ndogo ya Gerezani, Dar es Salaam, inaweza kuyatoboa, unapata hatua ya milimita moja isiyoweza kuteleza hata kidogo, kwa sababu pini imepita katika bati zote mbili. Hakuna chuma ghali wala uzi laini. Napenda ubunifu wa aina hii, ambao usahihi wake unatoka katika kufikiri na si katika mashine.

Anayetaka ulaini zaidi ana skrubu ya kunyanyulia. Bolti ya M6 ya kawaida hupanda milimita moja kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo robo mzunguko wa bisibisi ni robo milimita, na pembe ya hesi yake ni ndogo kiasi kwamba uzito wa blaindi hauwezi kuizungusha irudi. Au ana kiduara chenye tundu lisilo katikati: kizungushe, na mwisho wa reli unapanda na kushuka bila hatua, kisha unafungwa kwa nati. Kati ya hivi viwili nachagua skrubu kwa nyumba zetu. Kiduara kinataka tundu lililotobolewa kwa usafi, na kikipata vumbi la saruji kinakwama kikiwa bado kipya.

Kwa nini milimita hizi zote zihangaikiwe? Kwa sababu ya jua letu. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linakaa kaskazini, nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba linakaa kusini, kama nyuzi 17 tu. Kuta za kaskazini na kusini zinalindwa na paa lililotokeza, bila shida. Ukuta wa magharibi hauna mlinzi. Saa kumi alasiri jua liko kama nyuzi 30 juu ya upeo, linaitazama nyumba usoni. Kibaraza cha mita moja juu ya dirisha, jua likiwa mbele yake kwa pembe hiyo, kinatupa kivuli cha sentimita 58 tu. Dirisha lenye kimo cha mita 1.5 linabaki wazi zaidi ya nusu yake, na kila dakika inayopita jua linashuka na kivuli kinapungua. Hakuna paa linaloweza kulifukuza jua la namna hiyo. Kinachoweza ni vibamba vinavyogeuka, na vibamba hugeuka pamoja ikiwa tu reli iliyovibeba imekaa sawa. Reli ikipinda, vya katikati vinafunga na vya pembeni vinabaki na mwanya, na kupitia mwanya huo mstari wa jua unatambaa juu ya kitanda cha mtoto aliyelala mchana.

Ni bora zaidi vibamba hivyo vikae nje ya kioo. Mwanga ukishapita kioo na kugeuka kuwa joto ndani ya chumba, blaindi ya ndani inaweza kurudisha sehemu yake tu, iliyobaki imeshaingia. Ya nje inalizuia kabla. Lakini ya nje inakutana na upepo, na chumvi ya bahari, na skrubu ya chuma iliyopita katika alminiamu hufanya ile kazi ambayo metali mbili hufanya zikilowa maji ya chumvi: moja inaliwa. Mbezi Beach wanaijua kazi hiyo. Bano la nje la pwani lisiwe na kiungo chochote cha kurekebishia ambacho kitaganda baada ya masika moja, kwa sababu urekebishaji usiowezekana kurudiwa ni urekebishaji wa siku moja.

Nyumba za kale za pwani zilikuwa na hekima fulani juu ya jambo hili. Mbao za mlango wa Kiswahili hazikuning'inia kwenye bawaba za chuma. Kila ubao ulikuwa na ncha juu na chini zilizozunguka ndani ya matundu ya fremu. Mti huvimba unyevu ukizidi na husinyaa kiangazi, kwa hiyo tundu linalobana ncha barabara ni tundu litakalougandisha mlango. Pini zilizo kwenye ncha za bomba la blaindi ya kuviringisha zinafanya vivyo hivyo: upande mmoja pini imetulia, upande wa pili ina springi nyuma yake, inaingia na kutoka, inaufidia ukuta milimita chache bila kumwuliza mtu.

Historia ya blaindi husimuliwa kwa majina ya waliobuni vibamba. Edward Beran wa London alipata hataza yake mwaka 1769. John Hampson wa New Orleans alipata ya kwake mwaka 1841, kwa namna ya kugeuza vibamba na kuvituliza kwenye pembe inayotakiwa. Wanastahili kukumbukwa. Lakini mimi ningewaongeza wengine wawili ambao hawakutengeneza blaindi hata moja.

Wa kwanza ni John Joseph Rawlings, mkandarasi wa London. Alipewa kazi ya kufunga vifaa vya umeme katika British Museum, akatakiwa asiziharibu kuta. Desturi ya wakati ule ilikuwa kutindua shimo, kupigilia kigingi cha mti, kisha kuingiza skrubu ndani ya kigingi. Desturi hiyo haijafa. Mafundi wetu wengi bado wanachonga kigingi wakikuta shimo limepanuka. Rawlings alibuni kijiti cha nyuzi za juti zilizogandishwa kwa damu ya wanyama, kikiingizwa katika tundu dogo, skrubu inakitanua na kuushika ukuta. Hataza yake ni ya mwaka 1911. Wa pili ni Artur Fischer wa Ujerumani, ambaye mwaka 1958 alikitengeneza kwa nailoni, kikiwa na mpasuko na masikio madogo ya kukizuia kisizunguke ndani ya shimo. Leo vijiti hivyo, tunavyoviita fisha, vinauzwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi, vimefungwa katika vifuko, na hakuna mtaa usiokuwa navyo.

Wote wawili walikubali jambo moja ambalo wabunifu wa mabano mara nyingi hulikataa: kwamba tundu la ukutani halitakuwa kamili. Na kwetu tundu haliishii tu kuwa baya. Linabadilika kutoka ubaya mmoja hadi mwingine ndani ya sentimita chache. Juu ya dirisha kuna linta, zege lenye nondo. Drili inaingia sentimita mbili, inagonga chuma, inalia, haiendi. Pembeni mwa dirisha kuna tofali, na tofali lenye saruji ndogo linamomonyoka kama mchanga mkavu, tundu la milimita 8 linakuwa la 14. Fundi atamwambia mwenye nyumba, "Mama, hapa pana nondo, tusogee," naye mama atajibu, "Sogea baba, ila isionekane imekaa kando." Hapo bano lenye tundu moja limemshinda fundi. Akisogeza tundu, reli nzima inahama. Bano lenye mfereji mrefu wa mlalo, au lenye matundu matano ambayo mawili tu yatatumika, linamwachia achague mahali pagumu pa kushika, na reli ikabaki palepale mama alipoitaka. Hili ndilo ninalolitafuta kwanza ninapofungua boksi: idadi ya matundu ambayo hayatatumika. Matundu hayo yaliwekwa na mtu aliyefikiria nondo.

Wapangaji wana shida yao tofauti. Mkataba, au sauti ya mwenye nyumba, inakataza kutoboa. Kwao kuna fimbo ya springi inayojisukuma kuta mbili za tundu la dirisha, kama ile ya pazia la bafuni. Hesabu yake ni rahisi na haipendezi. Blaindi ya kilo 3 inavuta chini kwa kani ya karibu niutoni 30. Msuguano wa mpira na rangi ukiwa 0.4, kila ncha inatakiwa isukume kwa niutoni kama 38 ili isianguke tu, na mtu akivuta kamba, au vumbi likiingia, unahitaji mara tatu au nne ya hapo. Ukuta wa lipu imara unaivumilia kani hiyo. Fremu nyembamba ya alminiamu inapinda nje kidogo, springi inalegea, na fimbo inashuka usiku wa manane kwa kishindo. Zinauzwa kama suluhisho la kila dirisha, na kwa kila dirisha hazifai.

Lakini karibu kila dirisha letu lina kitu ambacho wabunifu wa ng'ambo hawakukichora, kwa sababu madirisha yao mengi hayana: grili. Nondo au bapa za chuma, zimechomelewa, zimepigwa rangi, zimezikwa ndani ya ukuta na mtu aliyekusudia zisitoke hata zikivutwa na wezi wawili. Hakuna nanga nzuri kuliko hiyo nyumba nzima. Bano la dirisha la Afrika Mashariki lingepaswa kuanzia hapo. Taya mbili zinazoukumbatia mwamba wa grili, moja yenye mfereji wa umbo la V ili ipokee nondo ya duara, ya mraba au bapa bila kubadilishwa. Skrubu moja ya kukaza kutoka ndani ya chumba. Na juu yake mkono wenye tundu refu la wima na skrubu ya kunyanyulia, kwa sababu mchomeleaji naye hakutumia pima maji. Mkono huo urefuke na kufupika kwa sentimita kadhaa, maana grili nyingine imekaa nyuma ya wavu wa mbu na nyingine mbele yake. Hakuna kutoboa, hakuna nondo ya linta, hakuna tofali la kumomonyoka, na mpangaji akihama anaondoka na blaindi zake zote. Kifaa kama hiki kinaweza kutengenezwa na yeyote mwenye drili ya mezani, mashine ya kuchomelea na kipande cha bapa la milimita 3. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na kukichora vizuri, akapima grili za mitaa mitatu minne kabla ya kukata chuma.

Na akikaa kukichora, kuna bano moja dogo zaidi ambalo ningemwomba alipe muda mrefu kuliko yote. Blaindi nyingi zinaendeshwa kwa mnyororo au kamba yenye kitanzi. Kitanzi kinachoning'inia kando ya kitanda kimeua watoto katika nchi nyingi, watoto wadogo waliofikia kukishika na kuingiza shingo, kimya kimya, mtu mzima akiwa chumba cha pili. Ulaya kiwango cha EN 13120, kama kilivyoimarishwa mwaka 2014, kinataka kifaa cha usalama kiambatane na blaindi, na kama ni kikulabu cha kufungia kamba kikae si chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni. Marekani, tangu Desemba 2018, kiwango cha sekta hiyo kinataka blaindi zinazouzwa zikiwa tayari madukani zisiwe na kamba, au ziwe na kamba fupi au zisizofikika tu. Kwetu zile za kamba bado zinauzwa, na ndani ya boksi mna kipande cha plastiki cha kuvutia mnyororo ukutani na skrubu zake mbili, kwenye kifuko chao. Fundi akimaliza kazi ya juu, amechoka, drili imeshafungwa, kifuko kinabaki dirishani. Blaindi inafanya kazi vizuri bila hicho kipande, na ubaya wote uko hapo.

Kipande hicho kinaweza kubuniwa vingine. Kije kikiwa kimevikwa kwenye mnyororo tangu kiwandani, hakitoki bila kuvunjwa. Kiwe na kizuizi ndani yake kinachoung'ang'ania mnyororo, na kizuizi hicho kiachie pale tu kipande kinapogandamizwa ukutani na skrubu zake zote mbili kukazwa. Kiwe na tundu refu la wima, la sentimita tano au zaidi, ili fundi asiwe na kisingizio cha tofali bovu, na ili mnyororo ubaki umenyooka hata ukirefuka kwa miaka ya kuvutwa. Mpaka skrubu hizo mbili zikazwe, blaindi isipande wala isishuke. Mama atalalamika haifanyi kazi, na fundi itabidi afungue tena lile boksi la drili.